Kitasa cha Kuachia na Kitasa cha Kubana

Fundi anayeandaa milango ya kadi hukutana na ukurasa wa mipangilio ya kila mlango: kitasa kikae wazi sekunde ngapi baada ya kadi kukubaliwa, king'ora kilie baada ya muda gani, kitufe cha kutokea kipo au hakipo. Mengi ya hayo Kiswahili kinayabeba bila shida. Kinakwama kwenye aina ya kitasa, ambako Kiingereza kina jozi ya istilahi, “fail safe” na “fail secure”, na tafsiri inayokuja upesi kwa zote mbili ni “salama”.

Tafsiri hiyo ni ya hatari. Neno letu usalama limebeba uhai wa mtu na ulinzi wa mali kwa pamoja, na kwenye mlango wa umeme mambo hayo mawili huvutana. Kitasa cha kwanza kikikosa umeme hufunguka, ili aliye ndani atoke. Cha pili kikikosa umeme hubaki kimefunga, ili aliye nje asiingie. Ukiviita vyote salama, umemwacha fundi abahatishe, na siku ya moto atakayelipia ni mtu aliye ndani.

Napendekeza kitasa cha kuachia na kitasa cha kubana. Ni vitenzi vya kazi, vinavyosema kitasa kinafanya nini umeme ukikosekana, wala havimlazimu msomaji kukisia nani analindwa.

Tofauti hiyo utaiona hata kwenye nyaya. Relei ya mlango, iliyo kwenye kidhibiti kinachosoma kadi, ina skrubu tatu zenye alama za NC, COM na NO. Sumaku ya mlango, ambayo ni kitasa cha kuachia, ile inayong'ang'ania bamba la chuma kwa nguvu ya kilo 280 hivi, huungwa kwenye COM na NC. Umeme hupita muda wote. Kadi ikikubaliwa relei inaukata na sumaku inaachia. Kitasa cha kubana huungwa kwenye COM na NO, kwa hiyo hakipati umeme mpaka kadi iulete. Hakuna mpangilio wa kwenye kompyuta utakaoigeuza sumaku hiyo iwe ya kubana, maana nguvu yake yote ni huo umeme.

Na umeme unaosemwa ni ule unaofika kwenye kitasa chenyewe. TANESCO wakikata, betri ya akiba huendelea kuilisha sumaku, na mlango hubaki umefungwa kama kawaida huku mtaa mzima uko gizani. Ndiyo maana sumaku lazima iungwe na mfumo wa tahadhari ya moto, na kitufe cha dharura kando ya mlango kikate waya wake moja kwa moja, bila kusubiri uamuzi wa kidhibiti.

Kubana nako kusieleweke kuwa ni kumfungia mtu ndani. Kitasa cha namna hii kikiwekwa inavyotakiwa, upande wa ndani huwa na mkono wa kawaida: unaushusha, unatoka, uwe umeme upo au haupo. Tena mlango wa kuzuia moto huhitaji kitasa cha kubana, ili ubaki umeshika kwenye fremu na moshi usipite.

Yapo pia maneno ya kwenye skrini ya mlinzi. Mlango uliopitiliza muda wake nauita “umebaki wazi”, nisiseme “umeachwa” likagongana na kuachia. Ule uliofunguka bila ruhusa wengi huandika “umevunjwa”. Mfumo haujui hivyo. Unachojua ni kwamba kitambuzi kimeona mlango umefunguka na hakuna kadi wala kitufe kilichotangulia. Mara nyingi ni mtu ametoka zake kwa kushusha mkono, na mkono huo haukuungwa na kidhibiti. “Umefunguliwa bila kadi” ingemtosha mlinzi, akaenda kuangalia.