Asidi ya foliki na majaribio ya Wawi

Asidi ya foliki, yaani vitamini B9 inayotengenezwa kiwandani, ni unga wa manjano usio na harufu. Huhesabiwa miongoni mwa vitamini zinazoyeyuka katika maji, lakini lita nzima ya maji ya nyuzi 25 huyeyusha miligramu 1.6 hivi tu. Kwa hiyo wataalamu wa maabara huiyeyusha kwanza katika alkali hafifu, kisha ndipo huizimua. Mwanga huikata molekuli yake vipande viwili visivyo na kazi ya vitamini, hivyo huwekwa katika chupa za kahawia au zilizofungwa karatasi ya alumini. Sampuli ya damu inayosubiri kupimwa foleti, yaani vitamini B9 kwa jumla, hutiwa vitamini C kidogo ili isiharibiwe na hewa, kisha hugandishwa. Foleti ya asili iliyomo katika mchicha na majani ya kunde ni dhaifu zaidi: mboga ikichemshwa sana na maji yake yakamwagwa, sehemu kubwa huondoka na maji hayo.

Habari zake zilianzia Bombay, ambako karibu na mwaka 1930 daktari Mwingereza Lucy Wills aliwatibu kwa dondoo la hamira wajawazito waliopungukiwa damu. Mwaka 1941 kiini kilichofanya kazi katika dondoo hilo kilipatikana katika spinachi, na kufikia katikati ya miaka ya 1940 kikundi cha Yellapragada Subbarow huko Marekani kiliweza kukitengeneza. Tangu hapo kikaungana na madini ya chuma katika vidonge vya kuongeza damu.

Pemba ilivihitaji vidonge hivyo kuliko sehemu nyingi. Safura na malaria zilikuwa zimewanyonya damu watoto wa kisiwa hicho kwa muda mrefu, na tafiti za minyoo katika skuli zake zilikwisha kuonesha hivyo katika miaka ya 1990. Mwaka 2000 ilizinduliwa Wawi, jirani na mji wa Chake Chake, maabara ya afya ya jamii yenye jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea kutoka Italia aliyefariki mwaka 1993.

Hapo ndipo lilipojikita jaribio lililoanza mwaka 2002 likiongozwa na Sunil Sazawal wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Watoto wa umri wa mwezi 1 hadi 35 walipewa kila siku kidonge kinacholainika katika maji au maziwa ya mama. Baadhi ya vidonge vilikuwa na miligramu 12.5 za chuma na mikrogramu 50 za asidi ya foliki, kipimo kilichokuwa kikipendekezwa kimataifa. Wasiotimiza mwaka walipewa nusu. Wengine walipata zinki, au kidonge kitupu cha kulinganishia. Si mama wala mtoaji dawa aliyejua kilichomo.

Tarehe 19 Agosti 2003 vidonge vya chuma na foliki vilisimamishwa kabla ya muda. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet kwa hesabu ya watoto zaidi ya 24,000, yalionesha kwamba waliovipata walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufa au kulazwa kwa ugonjwa mkali. Jaribio la namna hiyo nchini Nepal, mahali pasipo na malaria nyingi, halikuonesha madhara hayo.

Lawama nyingi ziliangukia chuma, lakini foliki nayo haikusafishika. Dawa ya SP huua kimelea cha malaria kwa kukizuia kujitengenezea foleti, na foliki nyingi kutoka nje inaweza kuipunguzia dawa hiyo nguvu. Kwa kuwa vyote viwili vilikuwa katika kidonge kimoja, jaribio halikuweza kuvitenganisha. Jambo lililosahaulika mno katika mabishano yaliyofuata ni kundi dogo, la watoto wapatao 2,400, waliopimwa damu mwanzoni na kutibiwa malaria: humo, wenye upungufu wa chuma na damu walinufaika.

Shirika la Afya Duniani likatahadharisha dhidi ya kuwagawia vidonge hivyo watoto wote bila kupima katika maeneo ya malaria. Mwongozo wake wa mwaka 2016 uliwarudishia watoto wadogo chuma, bila foliki, kwa sharti kwamba malaria inazuiwa, inapimwa na kutibiwa. Wajawazito wanaendelea kupewa vyote viwili, foliki ikiwa mikrogramu 400 kwa siku.