Baridi ya Elburgon ina hesabu yake

Wasee, Julai Elburgon si mchezo. Tuko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na bado ploti mpya zinajengwa hivi: ukuta wa mawe, mabati juu, silingi hakuna. Usiku mpangaji anaingiza jiko la makaa ndani na kufunga dirisha. Mnajua hiyo stori huishia wapi.

Kinachoniuma ni kwamba hesabu ya kuzuia haya mambo ni ya kitambo. Mwaka wa 1971 Umoja wa Mataifa ulichapisha majedwali ya Mahoney, kazi ya Carl Mahoney, Otto Koenigsberger na Martin Evans. Hakuna kompyuta. Unachukua joto la kila mwezi, unyevu na mvua, unajaza kwa penseli, halafu karatasi inakuambia dirisha liwe kubwa kiasi gani, ukuta uwe mzito ama mwepesi, na nyumba iangalie wapi. Koenigsberger alikuwa Mjerumani aliyekimbia Wanazi akaenda kufanya kazi India, kwa hivyo hii kitu ilitengenezewa nchi kama zetu, si Ulaya.

Ulaya walikuja na yao. 1991 familia nne zilihamia nyumba za Darmstadt, Ujerumani, za kina Wolfgang Feist. 1998 ikatoka PHPP, ambayo kusema ukweli ni spredishiti tu. Sharti lake: kupasha nyumba joto kusizidi kilowati-saa 15 kwa mita mraba kwa mwaka. Hata Gigiri, ofisi za UN zilizofunguliwa 2011 zilipigiwa hesabu ili sola ya paa itosheleze jengo.

Mimi niliacha chuo, so yangu ni ya kidole. Mabati matupu hupoteza karibu wati 7 kwa mita mraba, kwa kila digrii ya tofauti. Keja ya 3 kwa 3, nje digrii 8, ndani unataka 18: 7 mara 9 mara 10, wati 630 zinatoka juu tu. Pigilia silingi ya mbao, na mbao tunapasua hapa hapa, unaokoa zaidi ya nusu. Shosho yangu ako na silingi ya magunia na hajawahi jaza jedwali lolote.

Nilimuuliza mwenye ploti yetu. Akasema hakuna mpangaji amewahi kuitisha silingi. Haya basi, watu wa Elburgon, Molo na Njoro, iitisheni. Na leo usiku jiko likae nje.