Kasha la Baharia Katika Majahazi ya Zamani

Wanaoandika tarehe ya bahari yetu aghalabu huanza na pepo, wakaeleza jinsi kaskazi, ivumayo baina ya Desemba na Machi, ilivyoyateremsha majahazi ya Arabuni, Uajemi na Bara Hindi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, na jinsi kusi, ianzayo Aprili, ilivyoyarudisha makwao. Kisha wakahesabu tende, chumvi, papa mkavu na mazulia yaliyoshushwa, na boriti, karafuu na nazi zilizopakiwa. Hayo yote ni kweli na yanastahili kuandikwa. Walakini limesalia jambo moja ambalo kwa rai yangu liko karibu zaidi na maisha ya watu, nalo ni lile lililomshughulisha kila msafiri siku chache kabla ya tanga kupandishwa: mtu anayeondoka nchi kavu kwenda kuishi chomboni miezi minane au tisa, achukue nini na aache nini? Shauri hilo halikuwa la nafsi yake peke yake. Nafasi chomboni ilikuwa shirika ya wote waliomo, na kila alichopakia mmoja kilimpunguzia mwingine pahala pa kulala, au maji ya kunywa, au faida ya safari.

Kabla ya mtu kuufikiria mzigo wake, chombo chenyewe kilikuwa na haki yake. Ahmad bin Majid, bingwa wa elimu ya bahari aliyezaliwa Julfar na kuandika kitabu chake kikubwa mwishoni mwa karne ya 15, aliwausia warubani wakikague chombo kingali juu ya ardhi na waziandike aibu zake zote, kwani aibu ya chombo haitengenezeki kwa urahisi kikiwa kati ya maji. Katika mtepe, chombo cha kale cha visiwa vya Lamu kilichoshonwa kwa kamba za makumbi na kusafiri kwa tanga la mkeka, maji yalipenya baina ya mbao usiku na mchana, hata kazi ya kufua ngama haikuwa na mapumziko, na mzigo usiostahimili rutuba haukuwa na pa kuwekwa. Jahazi la misumari lilikuwa kavu zaidi, lakini nalo lilidai maji ya kunywa kwa watu wote, kuni, mchele, samli, tende, unga na kahawa, na juu ya hayo kamba, mafuta ya sifa ya kupakia mbao, na tanga la akiba. Jiko lake lilikuwa sanduku la mbao lililo wazi, lililojazwa mchanga ili moto usile sitaha, na mpishi alipika hapo kwa ajili ya wote, jua likiwaka na mawimbi yakirusha maji, huku moshi ukimfuata kila upepo unapogeuka. Kwa sababu hiyo baharia hakuwa na haja ya sufuria wala sahani, maana chakula kilipakuliwa katika sinia na watu wakalizunguka; wala hakuwa na haja ya kitanda, maana kitanda kilikuwa mkeka popote pale panapopatikana juu ya shehena.

Kilichokuwa chake hasa ni kasha. Kasha la baharia wa kawaida lilikuwa la mbao nzito, lenye mikono ya kushikia ubavuni na kufuli mbele. La nahodha aghalabu lilikuwa la msaji, limepambwa kwa njumu za shaba, na makasha mengi ya namna hiyo yalitoka bandari za Bara Hindi. Ukilifunua utakuta upande mmoja kijisanduku chembamba chenye kifuniko chake, kilichokaa juu karibu na ukingo ili kisifikwe na maji yakiingia, na katika makasha mazuri zaidi utakuta saraka za siri zilizofichwa chini ya kijisanduku hicho. Humo ndimo ziliwekwa fedha, hati na marashi. Chini yake ilikunjwa kanzu safi ya kuvaa siku ya kuingia bandarini na kilemba chake, maana baharia aliyefanya kazi safari nzima amejifunga shuka moja alipenda ashuke mjini kama mtu wa heshima zake. Nguo hizo hazikujaza kasha hata robo. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya biashara.

Hapa ndipo ilipo siri ya kasha, na hapa ndipo wanahistoria wengi wanapopita upesi. Mwaustralia Alan Villiers, aliyejiunga Aden mwezi wa Desemba 1938 na bumu la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, akasafiri nalo hadi Unguja na delta ya Rufiji na kurejea nalo Ghuba mwaka uliofuata, alieleza waziwazi katika kitabu chake kwamba mabaharia hawakuwa na mshahara. Walipata mafungu ya faida baada ya kutolewa gharama za chakula na fungu la mwenye chombo, na mafungu hayo mara nyingi yalikuwa madogo, hata baharia akaanza msimu mwingine angali na deni la msimu uliopita. Nafuu yake ilikuwa ile ruhusa ya kubeba bidhaa zake mwenyewe ndani ya kasha lake, pasipo kulipa nauli. Kwa hiyo kasha lilikuwa sehemu ya ujira wake, na ukubwa wa kasha ulikuwa mpaka wa haki yake. Baharia aliyefikiri achukue nguo ya pili au vitambaa vya kuuza alikuwa anafikiri habari ya chakula cha watoto wake, na naona ni dhuluma kuiita biashara ile uchuuzi mdogo, kwa kuwa mengi katika yale yaliyoingia majumbani mwa Waswahili, hususan nguo, manukato na halua, yaliingia kwa njia ya makasha haya kama yalivyoingia kwa njia ya shehena za matajiri.

Abiria naye alikuwa na hukumu yake, na hukumu hiyo haikuwahurumia wakubwa. Ibn Battuta, yule yule aliyezuru Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Calicut miaka kumi na kitu baadaye akiwa mjumbe wa Sultani wa Delhi kwenda kwa mfalme wa China, ana mali, watumwa na masuria, akataka chumba cha faragha katika merikebu kubwa ya Kichina. Akajibiwa kwamba wafanyabiashara wa China wamekwisha kodi vyumba vyote, na kilichopatikana kilikuwa kidogo, hakina choo. Akaamuru mizigo yake ihamishiwe chombo kidogo zaidi, mwenyewe akabaki pwani kwa sala ya Ijumaa. Dhoruba ikaja, merikebu kubwa ikavunjika, na kile chombo kidogo kikatweka tanga na kwenda zake na kila kitu chake. Mjumbe wa Sultani alisalia ufukweni na dinari kumi na busati la kulalia.

Na hata mzigo uliopata nafasi haukuwa na amani mpaka ufike. Imamu Nawawi, katika Minhaj ambayo ni msingi wa fiqhi ya Kishafii inayofuatwa pwani hii, ameeleza kwamba chombo kikikaribia kuzama inajuzu kutupa mizigo baharini, na inawajibika kufanya hivyo ikitarajiwa kuwaokoa watu. Anayetupa mali ya mwenziwe bila ya idhini hulipa. Na anayemwambia mwenziwe atupe mali yake, naye akajitia dhamana, hulipa vilevile, lakini akisema tu "tupa" bila ya kudhamini, halipi kitu. Mtu aliyepakia kasha lake bandarini alilipakia akijua sheria hiyo, na akijua kwamba katika usiku wa tufani neno moja la dhamana lililotamkwa au lisilotamkwa ndilo litakalopambanua baina ya hasara yake na deni la mwingine.

Mambo hayo yalianza kupungua mwaka 1946, mafuta ya Kuwait yalipoanza kusafirishwa ng'ambo, na vijana ambao wangaliweka rehani miaka yao kwa nahodha wakapata kazi yenye mshahara wa mwezi. Injini nazo ziliingia majahazini na kudai nafasi yao na ya mapipa ya mafuta. Makasha yakashuka pwani moja kwa moja, mengine yakaingia vyumbani mwa maharusi, mengine yakafika madukani mwa vitu vya kale Unguja na Mombasa, ambako bei hukatwa kwa wingi wa njumu. Katika nyumba za makumbusho huonyeshwa pamoja na vitanda na vioo, kama samani ya nyumba. Mimi ningeyaweka upande wa nanga, foromali na tanga, na kibao chake kingetaja bidhaa za baharia kabla ya kutaja aina ya mbao.