Majina ya Chura na Kinyonga katika Misitu ya Usambara

Kiswahili kina majina mengi ya nyoka: chatu, swila, moma, kifutu, koboko, ukukwi. Japokuwa makamusi hayapatani daima kuhusu nyoka yupi ni yupi, wingi wenyewe waeleweka, kwani mtu wa shamba hana budi kumtambua wa kuogopwa. Chura, asiye na meno ya sumu, ni chura tu. Walakini si lugha ya watu pekee iliyofanya hivyo. Elimu ya wanyama nayo ilikaa karibu karne nzima ikiwaita viumbe mbalimbali wa milimani kwa jina moja.

Wajerumani walianzisha chuo cha utafiti huko Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902. Vyura na vinyonga waliokusanywa wakapelekwa Ulaya na kupewa majina ya Kilatini, mengi yakiwa ya kuwatukuza Wajerumani wenzao: Krefft, Vosseler, Matschie. Arthur Loveridge, aliyefika Usambara mwaka 1926 kwa niaba ya jumba la makumbusho la Harvard, alikuwa na desturi iliyo bora zaidi kwa mwanalugha, ya kuandika jina aliloambiwa na wenyeji pamoja na maelezo ya mnyama.

Nyakati nyingine lugha yenyewe ilipungukiwa. Mwaka 1905 Gustav Tornier alieleza habari za chura wa nchi hii anayezaa watoto hai, na jamaa yake, Nectophrynoides tornieri, yumo Usambara. Kiswahili kina neno kiluwiluwi, bali hakina neno la mtoto wa chura ambaye hakuogelea kamwe akiwa kiluwiluwi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Callulina kreffti, aliyetajwa na Fritz Nieden mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa muda mrefu alidhaniwa kuwa chura mmoja aliyeenea katika Milima ya Tao la Mashariki. Mwaka 2004 yule wa msitu wa Mazumbai, Usambara Magharibi, ng'ambo ya bonde la Lwengera, akatengwa na kuitwa Callulina kisiwamsitu. Jina hili lastahili kutazamwa. Msemaji angetazamia kisiwa cha msitu, lakini Kiswahili hujua kuunganisha nomino mbili pasipo kiunganishi, kama katika mwanamaji na batamaji, basi halina kosa la kushtua sikio. Na maana yake ni ya kweli, maana msitu wa mlimani umezungukwa na mashamba na nchi ya chini yenye joto, ambayo chura huyo hawezi kuivuka. Mwaka 2009 akafuata dawida, wa milima ya Taita nchini Kenya, kwa jina ambalo wenyeji huiita nchi yao. Na mwaka 2010 shengena, wa Upare Kusini. Yule mmoja aliyeonekana kuwa na makao mapana akawa wengi, kila mmoja na makao membamba, na hatari ambayo jina pana liliificha ikaonekana.

Kwa vinyonga, Kiswahili kilipanda cheo. Mwaka 2006 jenasi nzima iliitwa Kinyongia, yaani kinyonga chenye mkia wa Kilatini. Miaka 2 baadaye vinyonga wa pembe mbili waliokuwa wakiitwa fischeri walitenganishwa, vosseleri na matschiei wakawa wa Usambara Mashariki na multituberculata wa Usambara Magharibi.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake Tanzania, kabla ya mengi ya hayo kujulikana. Na hadi Tanzania iliposimamisha mwaka 2016 usafirishaji wa wanyama pori hai kwenda nje, vinyonga walikuwa bidhaa, na wengi wa Usambara Magharibi waliuzwa ng'ambo kwa jina la fischeri. Hati yenye jina hilo pekee haimwambii msomaji kinyonga alitoka mlima upi.