Itorero

Itorero ni chuo cha jadi cha Rwanda kilichowafunza vijana wa kiume, waitwao intore, katika makao ya mfalme na machifu wake. Walijifunza kutupa mkuki, kulenga kwa upinde, kuruka juu, kughani majigambo na kucheza ngoma ya vita. Mchezaji hushika mkuki na ngao, hufunga njuga miguuni na kuvaa umugara, kilemba cha nyuzi ndefu mfano wa manyoya ya shingo ya simba. Wakimbizi Wanyarwanda walioingia Uganda kuanzia 1959, wakiwemo waliopokewa Nakivale, wilayani Isingiro karibu na Mbarara, waliitunza sanaa hiyo ugenini. Serikali ya Rwanda ilifufua itorero mwaka 2007 kama mafunzo ya uzalendo. UNESCO iliiorodhesha ngoma ya intore mwaka 2024.