Waraka wa 1924: Habari za Klabu ya Vasco da Gama ya Rio de Janeiro

Kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki, jina la Vasco da Gama halina ladha njema. Nahodha huyo wa Kireno alifika Mombasa katika mwezi wa Aprili 1498 akaondoka kwa uadui, akapokewa kwa hisani Malindi na kupewa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Kisha, katika safari yake ya pili ya 1502, akaingia Kilwa na mizinga na kumshurutisha mtawala wake kutoa kodi kwa mfalme wa Ureno. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili ana haki ya kustaajabu akiambiwa kwamba katika mji wa Rio de Janeiro, nchini Brazil, iko klabu ya mpira yenye jina hilo hilo, yenye merikebu na msalaba wa Kireno katika nembo yake, ambayo inakumbukwa kuliko zote mjini humo kwa kukataa kuwatupa wachezaji wake weusi na maskini siku ilipotakiwa kufanya hivyo.

Klabu hiyo ilizaliwa tarehe 21 Agosti 1898, katika mwaka ambao Wareno waliadhimisha miaka 400 ya safari ya Bara Hindi. Waasisi wake walikuwa watu 62, aghalabu wahamiaji kutoka Ureno au watoto wa wahamiaji, nao hawakuwa na haja ya mpira hata kidogo: walitaka kupiga makasia, maana mashindano ya makasia ndiyo yaliyotawala Rio zama hizo. Walikutana katika mtaa wa Saúde, kando ya bandari, na hapo yafaa tutue kidogo, kwani jirani na mtaa huo ndipo ilipokuwa gati ya Valongo, ambayo tangu 1811 ilikuwa mahali pa kuteremshia mamia ya maelfu ya watumwa kutoka Afrika, wakiwamo wengi waliopakiwa Quelimane na kisiwa cha Msumbiji, kusini ya pwani yetu. Utumwa ulifutwa kwa sheria nchini Brazil tarehe 13 Mei 1888. Basi klabu ilipoasisiwa, watu walioachwa huru walikuwa na miaka kumi tu ya uhuru wao, na wana na wajukuu wa watu hao ndio waliokuja baadaye kuiletea klabu sifa.

Dalili ya tabia yake ilionekana mapema. Mwaka 1904 wanachama walimchagua Cândido José de Araújo, mtu wa damu ya mchanganyiko, awe rais wao, jambo ambalo klabu za makabaila wa Rio zisingalilifikiria hata kwa mzaha. Nao wakamrudisha tena katika cheo hicho mwaka uliofuata. Mpira ulikuja nyuma sana. Idara yake ilianzishwa mwaka 1915, na mchezo wa kwanza, uliochezwa tarehe 3 Mei 1916, ulimalizika kwa Vasco kufungwa mabao kumi kwa moja. Miaka iliyofuata katika madaraja ya chini haina mengi ya kusimuliwa.

Ili kufahamu yaliyotokea baadaye, sharti tuwatazame hao Wareno wa Rio walikuwa watu wa namna gani. Walikuwa wenye maduka ya vyakula, maghala na mikahawa. Watu wenye fedha lakini wasio na heshima mbele ya familia kubwa za mjini, ambazo ziliwadhihaki kwa ubahili na kwa matamshi yao. Mpira wa Rio, kwa upande mwingine, ulikuwa starehe ya vijana wa familia hizo hizo, waliojifunza mchezo kwa Waingereza na kuucheza katika Fluminense, Botafogo, Flamengo na America kwa sharti la uridhaa, yaani mchezaji asilipwe hata senti. Na sharti hilo, ingawa lilisemwa kwa lugha ya usafi wa michezo, lilitosha kumfungia mlango kila aliyehitaji kufanya kazi ili ale. Insafu yataka niseme kwamba Vasco haikuwa ya kwanza kumpokea mchezaji mweusi: Bangu, klabu ya kiwanda cha nguo pembezoni mwa mji, ilikuwa na Francisco Carregal katika timu yake tangu 1905. Lakini Bangu haikutisha mtu, kwa kuwa haikuwa ikichukua ubingwa.

Vasco ilitisha. Madhali wenye maduka wale walikuwa wamechoka kushindwa, walituma watu viwanja vya vitongojini kuchagua wachezaji bora bila kuuliza rangi wala kazi, wakaajiri mwalimu kutoka Uruguay, Ramón Platero, aliyewakimbiza vijana wake mazoezini kila siku wakati wapinzani wao walikuwa wakijitayarisha kwa hiari na kwa raha. Mlinda mlango, Nelson da Conceição, mtu mweusi, alikuwa dereva. Wengine walikuwa vibarua na mafundi. Kwa kuwa kulipa mchezaji kulikatazwa, waliandikwa kuwa makarani katika maduka ya wanachama, na baada ya ushindi walipewa bakhshishi iliyotajwa kwa majina ya wanyama wa bahati nasibu maarufu ya mitaani, desturi ambayo imebakia katika lugha ya mpira ya Brazil mpaka leo. Mário Filho, mwandishi ambaye uwanja wa Maracanã umepewa jina lake rasmi, ameeleza katika kitabu chake cha 1947 juu ya mtu mweusi katika mpira wa Brazil jinsi wasiojua kusoma walivyofundishwa kuandika majina yao, kwa sababu kila mchezaji alitakiwa kutia sahihi kabla ya mchezo.

Mwaka 1923, ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja la juu, Vasco ilichukua ubingwa wa Rio ikiwa imepoteza mchezo mmoja tu, ule wa Flamengo, kwa mabao matatu kwa mawili. Sitaki kuwapamba Wareno hao kuliko stahili yao. Waliwachukua watu weusi kwa sababu walicheza vizuri, kama mfanyabiashara anunuavyo mali njema kwa bei nafuu, na lau ubingwa ungalipatikana kwa watoto wa mawakili, sina hakika kama wangalikwenda vitongojini. Sifa yao ya haki inaanzia mwaka uliofuata.

Mwanzoni mwa 1924 klabu kubwa zilijitoa katika shirikisho la zamani na kuunda shirikisho jipya, lililoitwa kwa kifupi AMEA, chini ya uongozi wa Arnaldo Guinle, mtu wa ukoo tajiri na kiongozi wa Fluminense. Zilichunguza kazi na hali za wachezaji wa wenzao, zikaishutumu Vasco kwamba haina uwanja wa kufaa, kisha zikaitaka, ikiwa inataka kuingia, iwaondoe wachezaji wake kumi na wawili. Jibu lilitoka tarehe 7 Aprili 1924, katika waraka mfupi wenye sahihi ya rais wa klabu, José Augusto Prestes, na wenye adabu zote za karani wa Kireno. Alisema kwamba uchunguzi wa namna ile juu ya hali za watu haukuwa wa haki; kwamba wale kumi na wawili walikuwa vijana, takriban wote Wabrazili, walio mwanzoni mwa maisha yao, ambao kitendo cha kuwafukuza kingewatia doa hadharani baada ya wao kuipigania klabu kwa moyo; na kwamba, kwa sababu hiyo, Vasco inaomba isihesabiwe tena miongoni mwa wanachama wa AMEA.

Maneno hayo yaligharimu. Klabu ilibaki katika shirikisho la zamani pamoja na timu ndogo, mbali na mapato ya mlangoni yaliyoletwa na michezo mikubwa, ikachukua ubingwa wa huko bila kufungwa. Mwaka 1925 AMEA iliipokea, nayo iliingia na watu wake. Kwa maoni yangu wakubwa hawakuongoka, ila waligundua kwamba umati wa watu ulikuwa umeifuata Vasco na fedha zilikuwa zimefuata umati.

Shutuma ya kukosa uwanja nayo ilijibiwa, safari hii kwa saruji. Kwa michango ya wanachama na wapenzi wake, klabu ilijenga uwanja wa São Januário katika mtaa wa wafanyakazi wa São Cristóvão, kwa muda usiotimia mwaka, na kuufungua tarehe 21 Aprili 1927 mbele ya Rais Washington Luís. Wageni wao Santos wakawaharibia sherehe kwa kushinda mabao matano kwa matatu. Mpaka Montevideo ilipojenga uwanja wake wa Centenario mwaka 1930, hapakuwa na uwanja mkubwa kuliko huo katika Amerika ya Kusini. Getúlio Vargas, rais wa baadaye, aliupenda kwa siasa zake, na ni hapo, tarehe 1 Mei 1940, alipotangaza sheria ya kima cha chini cha mshahara.

Katika uwanja huo ndipo ilipokua timu iliyoitwa Treni ya Ushindi, iliyochukua ubingwa wa Rio bila kufungwa katika miaka ya 1945, 1947 na 1949, na mwaka 1948 ikaibuka bingwa wa mabingwa wa Amerika ya Kusini mjini Santiago, Chile. Kombe la Dunia lilipoletwa Brazil mwaka 1950, mwalimu wa timu ya taifa, Flávio Costa, alikuwa wa Vasco, na nahodha Augusto, na mshambuliaji Ademir, na mlinda mlango Moacyr Barbosa. Tarehe 16 Julai, Maracanã, Brazil ilihitaji sare tu na Uruguay ili iwe bingwa. Friaça, aliyewahi kuichezea Vasco, alifunga kwanza. Uruguay ikasawazisha, kisha Ghiggia akapiga mpira uliopita baina ya Barbosa na mwamba wa karibu, na taifa zima likashindwa.

Lawama zilitafuta mtu, zikawaangukia watatu, Barbosa na walinzi Bigode na Juvenal, wote weusi. Barbosa, ambaye wajuzi wengi walimhesabu kuwa bora wa zama zake, alibeba mzigo huo maisha yake yote. Naye alikuwa akisema kwamba adhabu kubwa kuliko zote katika sheria za Brazil ni miaka thelathini, ilhali yeye ametumikia zaidi kwa kosa asilolitenda. Klabu iliyokuwa imeandika waraka kwa ajili ya vijana kumi na wawili haikuweza kumkinga mmoja na taifa. Vasco iliendelea kutoa watu wakubwa, akiwamo Bellini, nahodha aliyeinua Kombe la Dunia mwaka 1958, ikachukua ubingwa wa Brazil mara nne na ubingwa wa klabu za Amerika ya Kusini mwaka 1998, mwaka wake wa mia. Tena ikashuka daraja mara nne kati ya 2008 na 2020, kwa uongozi mbovu ambao wapenzi wake wenyewe hawaufichi.

Barbosa alifariki tarehe 7 Aprili 2000, miaka 76 kamili tangu waraka ule utiwe sahihi. Uwanja wa mazoezi wa Vasco da Gama leo unaitwa kwa jina lake, na heshima hiyo ilipaswa kumfikia akiwa hai.