FARASI KUFU: NANI ANASTAHIKI KUINGIZWA MBIO KUBWA?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Baada ya darsa ya Alhamisi kijana mmoja alinifuata na swali ambalo sikulitegemea hapa Kariakoo, mahali ambapo mnyama wa kazi alishaondoka zamani na mizigo inavutwa na binadamu kwa mkokoteni. Alikuwa ametazama kwenye simu yake mbio kubwa za farasi za Uingereza. Farasi wameanguka, wapandaji wameanguka, na watu wanabishana: je, mpandaji asiye na uzoefu, na farasi ambaye kila mtu anajua hana uwezo, waruhusiwe kuingia mbio kubwa kama zile? Wapo wanaosema mlango uachwe wazi, bahati haina mwenyewe. Wapo wanaosema huko ni kuua. Akataka kujua wanachuoni wetu wanasemaje.

Nilimjibu kwa kifupi pale pale. Lakini jambo lenyewe lina historia ndefu na nzuri, nami nikaona niiandike. Someni polepole.

Kwanza, tusidhani kwamba mbio za farasi ni mambo ya Wazungu. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliziandaa Madina. Khabari hiyo imepokewa na Abdullah bin Umar (r.a.), na iko kwa Bukhari na kwa Muslim. Sasa angalieni alivyoziandaa, maana jibu la kijana wetu karibu lote limo humo.

Aliwagawa farasi mafungu mawili. Wale waliokwisha kutayarishwa kwa mbio aliwashindanisha kutoka Hafyaa mpaka Thaniyatul Wadaa. Wale ambao hawakutayarishwa, aliwashindanisha kutoka Thaniyatul Wadaa mpaka msikiti wa Bani Zurayq. Wapokezi wametaja na umbali: safari ya kwanza maili tano au sita, na katika pokezi nyingine sita au saba. Safari ya pili maili moja tu. Kwa makadirio ya sisi watu wa mjini, wa kwanza walikimbia kama kutoka Sokoni Kariakoo mpaka Ubungo na kupita, na wa pili kama kutoka Sokoni mpaka Posta.

Na kutayarishwa huko si maneno matupu. Waarabu walikuwa na kazi maalumu ya kumwandaa farasi. Hulishwa mpaka anenepe na kupata nguvu, kisha chakula hupunguzwa kikabaki kiasi cha kumtosha tu, akafungiwa ndani na kufunikwa matandiko ili atoke jasho jingi. Mafuta huyeyuka, nyama ikakaza, pumzi ikawa ndefu. Farasi aliyepita hapo na farasi aliyetolewa bandani jana ni wanyama wawili tofauti, hata kama wana mama mmoja.

Kwa hiyo Mtume (s.a.w.) hakuwafukuza farasi wasiokuwa tayari. Hakuwaambia wenye nao warudi nyumbani. Wala hakuwachanganya na wenzao kwa jina la usawa. Aliwawekea mbio zao, zenye urefu wao na mwisho wao. Watu wengi wanaobishana juu ya jambo hili wanadhani kuna njia mbili tu, kumwingiza mnyonge au kumzuia. Madina karne kumi na nne nyuma kulikuwa na njia ya tatu.

Ibn Umar mwenyewe alishindana siku hiyo. Tunamjua umri wake kwa khabari nyingine aliyoisimulia: siku ya Uhud alikuwa na miaka 14, akajitokeza kwenda vitani, Mtume (s.a.w.) akamrudisha. Siku ya Khandaq alikuwa na 15, akaruhusiwa. Ni kijana. Sasa katika pokezi ya Muslim anasema alifika wa kwanza, na farasi wake akaruka naye mpaka ng'ambo ya msikiti. Msikiti wa Bani Zurayq ndio uliokuwa mwisho wa mbio fupi, kwa hiyo tunafahamu kwamba huyu kijana alikuwa katika zile za maili moja. Na hata huko, farasi hakusimama pale mpandaji alipotakiwa kusimama! Fikirini kijana huyo huyo angekuwa Hafyaa, juu ya farasi aliyekazwa kwa mbio, na maili sita mbele yake.

Ila msikimbilie kusema kwamba umri peke yake ndio kipimo. Siku hiyo ya Uhud vitabu vya sira vinataja vijana wengine wawili. Rafi bin Khadij aliruhusiwa kwa kuwa ni hodari wa mishale. Mwenzake, Samura bin Jundub, akalalamika kwamba yeye humwangusha Rafi katika mieleka. Wakashindanishwa, akamwangusha kweli, naye akaruhusiwa. Kilichotazamwa ni uwezo, na uwezo ulionekana kwa macho kabla ya siku ya hatari.

Na wala msikimbilie kusema kwamba jina kubwa ndilo lenye haki. Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia jike akiitwa Adhbaa, hakuna aliyekuwa akimshinda. Siku moja akaja bedui juu ya ngamia kijana, wa umri wa kuanza kupandwa tu, akampita. Masahaba likawauma sana jambo hilo. Mtume (s.a.w.) akawaeleza kwamba ni haki ya Mwenyezi Mungu kutokinyanyua kitu chochote cha dunia ila atakishusha. Lau kungekuwa na kamati ya kupitisha majina, yule bedui angeachwa nje, na wasingejua kamwe kwamba Adhbaa anashindika. Kwa hiyo mgeni asiyejulikana ni kitu kimoja, na asiyekuwa na uwezo ni kitu kingine. Watu huwachanganya hawa wawili kila siku, hata katika kuajiri.

Tuje kwa mafaqihi. Sisi huku pwani tumesoma Shafii, na kitabu kilichotulea ni Minhaj cha Imam Nawawi (r.a.), aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277. Katika mlango wa mashindano Imam anaweka masharti ya mbio zenye zawadi ya mali: mwanzo na mwisho wa njia ujulikane, farasi watajwe kwa kuainishwa, mali ijulikane. Na ndani ya masharti hayo kuna moja ambalo nataka mlishike: iwezekane kwa kila mmoja wao kushinda. Akiwa mmoja ni dhaifu kiasi kwamba kushindwa kwake kunajulikana tangu mwanzo, mkataba haufai. Akiwa mmoja ni mwepesi kiasi kwamba kushinda kwake hakuna shaka, vile vile.

Kisha anakuja kwenye suala la yule wa tatu. Watu wawili wakiweka dau kila mmoja, mshindi achukue yote, hiyo ni kamari. Wakiingiza wa tatu asiyeweka kitu, naye akishinda anachukua, mkataba unahalalika, ndiyo maana wa tatu huyo akaitwa mhalalishaji. Lakini Imam akaweka sharti: farasi wa huyo wa tatu awe kufu na farasi wao. Neno ni hilo hilo, kufu, tunalolitumia tunapokuja kuposa.

Kwa nini kufu? Kwa sababu watu ni wajanja. Wangeingiza farasi mbovu, kilema wa nusu njia, asimame pale kama pazia, ili kamari yao ivae kanzu. Kuna hadithi juu ya hilo kwa Abu Daud na Ibn Majah, kwamba anayemwingiza farasi kati ya wawili hali hana uhakika wa matokeo, hiyo si kamari, na akiwa na uhakika, ni kamari. Wanachuoni wa hadithi wamezozana juu ya sanadi yake, na Ibn al-Qayyim, ambaye aliandika kitabu kizima juu ya upandaji farasi, hakuikubali wala hakumwona huyo mhalalishaji kuwa ni lazima. Ikhtilafu hiyo ni kubwa na si ya hapa. Na wale farasi wa kompyuta wanaokimbia kwenye skrini za maduka ya kubeti, ambako hakuna farasi, hakuna jasho wala mpandaji, hao hawahitaji ikhtilafu ya mtu yeyote.

Tazameni sasa alichokiona Imam Nawawi miaka zaidi ya 700 iliyopita. Yule farasi asiyeweza hakuingizwa kwa ajili yake. Hakuna aliyemwonea huruma akampa nafasi. Aliingizwa kwa faida ya wengine, ajaze idadi, apambe mkataba. Mimi naona hapo ndipo swali linapotakiwa kuanzia: aingiapo mnyonge katika mbio kubwa, faida ni ya nani?

Uingereza wana mbio ziitwazo Grand National, huko Aintree karibu na Liverpool, zenye maili zaidi ya nne na viunzi virefu vya kuruka. Mwaka 1928 walianza farasi 42. Wakaanguka na kuzuiana njiani, na wawili tu ndio waliomaliza. Aliyeshinda, Tipperary Tim, hakuna aliyemdhania, na mpandaji wake hakuwa hata mtu wa kulipwa. Watetezi wa mlango wazi hulitaja jina hilo mpaka leo. Hawawataji wale arobaini. Na alikuwako bwana mkubwa wa Kihispania, Duke wa Alburquerque, aliyeingia mbio hizo mara ya kwanza mwaka 1952 na kurudi tena na tena, akivunjika mifupa, mpaka alipoumia vibaya mwaka 1976 na akanyimwa ruhusa baadaye. Alikuwa mtu mzima, tajiri, na alijipeleka mwenyewe. Farasi wake hakuulizwa. Waandaaji wenyewe wamekuwa wakipunguza: mwaka 2024 idadi ya farasi ilishushwa kutoka 40 hadi 34.

Huku kwetu mbio za farasi ni chache, lakini ujuzi wa kupanda tulikuwa nao. Bibi Salme binti Said, katika kumbukumbu zake zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anasimulia watoto wa jumba la Mtoni, Unguja, walivyofundishwa uwanjani kwanza, na walipokwisha kuiva ndipo wavulana wakapewa farasi wao na wasichana punda weupe wa Maskati. Uwanja kwanza, mnyama wako baadaye. Siku hizi kijana anajifunza bodaboda Jumatatu, Jumatano yuko Msimbazi na abiria mgongoni.

Lamu wana mbio za punda wakati wa Maulidi, na waliokwenda wanajua furaha yake, vijana wako juu bila tandiko, ufuko mzima umejaa watu. Punda hao ndio wale wanaobeba mawe na mchanga mwaka mzima, kwa hiyo angalau wote wamechoka sawasawa! Pana pia zahanati ya punda pale mjini tangu miaka ya 1980, ambayo huwatibu bure. Mnyama ana haki yake kwetu. Mtume (s.a.w.) alimpita ngamia ambaye tumbo lake limegandana na mgongo kwa njaa, akawausia watu wamche Mwenyezi Mungu katika hawa wanyama wasiosema, na wawapande wakiwa katika hali ya kufaa kupandwa. Ukimpeleka asiyefaa kwenye mbio za wanaofaa, pengo lililobaki utalijaza kwa nini? Kwa bakora. Hakuna kingine.

Nimefika kwenye lile linaloniuma zaidi. Mpandaji asiye na uzoefu kuliko wote katika zama zetu hakuwa Uingereza. Alikuwa Ghuba, juu ya ngamia, na alikuwa mtoto. Ngamia hukimbia vizuri akiwa na mzigo mwepesi, na hakuna mpandaji mwepesi kuliko mtoto wa miaka mitano. Wakaletwa kutoka Pakistani, Bangladeshi, Sudani na Mauritania, nchi za Waislamu, wengine wakiwa na miaka minne, wakanyimwa chakula ili wasiongezeke uzito. Walianguka, walikanyagwa. Mwanaharakati wa Kipakistani Ansar Burney alilipigia kelele jambo hili, na mwaka 2004 likaonyeshwa kwenye televisheni Marekani. Falme za Kiarabu zilikuwa zimetangaza marufuku mwaka 2002, lakini watoto waliendelea kuonekana uwanjani. Mwaka 2005 ndipo ikatoka sheria ya kuzuia kila aliye chini ya miaka 18, pamoja na mapatano na UNICEF, na watoto zaidi ya 1,000 wakarudishwa makwao.

Ibn Umar wa miaka 14 alirudishwa Uhud, na tunajivunia kulisoma hilo kwenye minbari. Wa miaka mitano walipandishwa na watu wanaolisoma hilo hilo. Mtoto hana mkataba katika madhehebu yetu, hauzi wala hanunui. Hata ridhaa ya baba yake haimfanyi kuwa mpandaji.

Baada ya watoto kuondoka, Qatar waliagiza roboti kutoka Uswisi, na mwaka 2005 ngamia wakaanza kukimbia nazo. Za mwanzo zilikuwa nzito, siku hizi ni za kilo chache tu. Roboti inafungwa mgongoni, ina kiboko kinachozunguka, na mwenye ngamia anafuata kwa gari pembeni ya uwanja, akibonyeza rimoti na kupiga kelele kwenye redio. Hilo limeleta masuala mapya kwa wanafunzi wa fiqhi, kwa sababu mashehe wetu wa Kishafii wameshurutisha wanyama wapandwe, wasiachiwe kukimbia wenyewe. Je, ngamia huyo amepandwa? Na mpandaji ni nani, kile chuma, au yule aliyekaa kwenye kiyoyozi na kidole kwenye kitufe cha kiboko? Kijana wangu wa Alhamisi nimemwachia suala hilo, aje nalo darsa ijayo.

Wallahu aalam.